Siku Niliyokwenda Kuchagua Lenzi na Kadi Ikiwa Ndani

Mende alitoka kwenye begi langu la kamera mbele ya wanawake kama thelathini, akapanda ukingo wa mkeka, akasimama pale akichezesha sharubu. Nilikuwa nimeinama natafuta betri. Wao walimwona huyo mmoja. Mie niliwaona watatu, wawili wakarudi ndani ya begi kama watu waliosahau kitu nyumbani.

"Mama picha," akasema shangazi wa bibi harusi, "umekuja na ndugu zako na hukusema, tungeongeza mchele."

Watu wakacheka. Shangazi akamkanyaga yule mende kwa kisigino, akamsukumia mlangoni kwa upande wa mguu, na muda wote huo mikono yake haikuacha kupiga makofi. Nami nikacheka ili nisionekane nimeona aibu. Mpaka leo nikikumbuka ule mlio mdogo chini ya kisigino, mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni.

Sijui kama inafaa kuanza na mende. Niliishia kidato cha pili, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwaga anasema insha lazima iwe na utangulizi. Lakini nimejaribu kuanzia kwingine mara mbili, nimechana karatasi mara mbili, maana yote yaliyofuata yalitokana na lile begi. Basi na yabaki hivyo.

Ilikuwa Jumapili, Temeke, kwenye nyumba ya watu wa pwani, na shughuli ilikuwa singo. Bibi harusi anawekwa ndani, anasuguliwa mwili kwa singo yenyewe, yaani liwa na maua na viungo vilivyotwangwa pamoja, huku kungwi akimfundisha mambo ya nyumba. Wanawake wenzake wanaimba na kucheza yale ambayo hawachezi mbele ya mwanaume yeyote. Baba mwenye nyumba alishatoka tangu asubuhi. Mlangoni kulikuwa na beseni la bluu, kila anayeingia anaweka simu yake humo, na juu wamefunika khanga. Kifaa kimoja tu cha picha kiliruhusiwa kupita, nacho kilikuwa changu.

Mie ni mtu wa bara, mtu wa kanisani, naishi Kimara. Huwa wananiita kwa sababu mie ni mwanamke, na kwa sababu picha nachapa mwenyewe nyumbani, kwenye mashine ndogo iliyo juu ya kabati la vyombo. Hakuna mtu wa studio anayeziona. Sijioni fundi. Wapo wanawake wanaopiga vizuri kuliko mie na nimeshawaona kazi zao. Ila hawachapi wenyewe.

Mama wa bibi harusi alinisimamisha kwenye korido kabla sijaingia. Alisema taratibu, kama anayemtuma mtu dukani. Picha hizi zisionwe na mwanaume, awe mumeo, awe mwanao. Zisiingie kwenye simu wala kwenye kompyuta, zibaki kwenye kadi ya kamera. Alhamisi uje na albamu, na kadi uifute nikiona kwa macho yangu.

"Umenielewa mwanangu?"

"Nimekuelewa mama."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitazama, akaniachia nipite. Jumamosi yake ndiyo ilikuwa harusi, na upande wa wanawake alishasema ni wangu.

Sasa niseme kuhusu begi. Mpiga picha kwenye shughuli hali na watu. Watu wakikaa kula yeye ndiyo anapiga, na watu wakimaliza, mwenye shughuli anakumbuka, anasema jamani huyu naye, basi wanakufungia pilau kwenye foili na paja la kuku juu. Ni heshima, tena ni heshima kubwa, usipopewa unajua hawakupenda kazi yako. Lakini mikono yako ina kamera, huna mfuko, unafanyaje? Unatia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Nimefanya hivyo miaka minne. Mafuta ya pilau ya watu wa Temeke, ya Kunduchi, ya Madale, yote yameingia kwenye kitambaa kile. Sikuwahi kuliosha. Nilikuwa naogopa sponji za ndani zitaharibika. Huo ndiyo utetezi wangu na najua hautoshi.

Na lenzi. Kamera yangu ni ndogo, ya kubadilisha lenzi, inajaa kwenye kiganja. Lenzi nilikuwa nayo moja tu, ya milimita hamsini; namba ikiwa ndogo ndiyo lenzi inaona pana. Ni nzuri ya uso. Ukisimama mbali kidogo inakupa jicho, kope, na hata kijasho cha juu ya mdomo. Lakini inaona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Chumba cha singo kilikuwa hatua tano kwa sita, na wanawake walikaa ukutani pande zote. Nikitaka bibi harusi mzima, kutoka kichwani hadi miguuni, lazima nirudi nyuma, na nyuma hapakuwepo.

"Rudi kidogo, mama picha, unamkata miguu," wakasema.

Nikarudi. Nikarudi tena. Unyayo wangu ukaingia kwenye bakuli la singo.

Kungwi hakunigombeza. Alitazama bakuli, akatazama mguu wangu, akasema, "Mwageni. Twangeni nyingine."

Wakamwaga. Vitu vilivyochambuliwa tangu juzi yake, maua yaliyotafutwa, yote yakaenda uani kwa ajili ya mguu wangu uliotoka Kimara na vumbi lake. Wanawake wawili wakakaa kwenye kinu, na nyimbo zikasimama mpaka walipomaliza. Ile niliyoikanyaga ikanikaukia katikati ya vidole. Inanukia vizuri, sisemi uongo, lakini nilijisikia kinyaa na mguu wangu mwenyewe, kama nimekanyaga chakula cha mtu. Hapo nikaamua kwamba kabla ya Jumamosi nitafute lenzi pana na begi lingine.

Jumatatu nilimwaga lile begi uani kwangu. Nilivaa mfuko wa nailoni mkononi. Kwenye mfuko wa pembeni kulikuwa na punje za wali nyeusi, ngumu kama mchanga, mfupa mmoja, na mayai ya mende yamebandikwa kwenye mshono, kahawia, mfano wa maharage madogo sana. Nilipovuta zipu ya chini wakamiminika. Sitaandika walikuwa wangapi. Begi nikalichoma na takataka, moshi wake ukanuka kuku. Vitu vilivyokuwemo nikavifuta kimoja kimoja, nikavianika kwenye sinia juani: vifuniko, waya wa chaji, kitambaa cha lenzi, na kikopo cha kadi ya akiba.

Hicho kikopo ndicho chenye neno. Mie nina kawaida: nikienda kujaribu kitu chochote cha kamera, natoa kadi ya kazi, naweka kadi tupu. Kadi tupu ilikuwaga kwenye mfuko wa mbele wa begi, nikishika begi naikumbuka. Jumanne nilitoka bila begi. Kamera niliifunga kwenye khanga, nikaitia kwenye kikapu cha sokoni, nikaenda. Kikopo kilibaki kwenye sinia. Silaumu begi lililochomwa, kosa ni langu. Nasema tu lilivyotokea.

Nilianza na begi. Karibu na stendi ya kwetu Kimara kuna mwanamke anauza mikoba ya mitumba, anaitandaza juu ya turubai. Sikutaka begi la kamera la dukani, lile jeusi linaloonekana kutoka mbali kuwa ndani mna kamera. Wenye bodaboda wa kukwapua wanalijua vizuri kuliko wanaoliuza. Tena ukiingia nalo kwenye shughuli ya wanawake unaonekana fundi umeme. Nilitaka mkoba, wa kawaida, ila uwe na vyumba.

Kupekua mikoba ya mitumba ni kazi ya kuingiza mkono kwenye maisha ya mtu usiyemjua. Wa kwanza ulikuwa na ukucha wa bandia kwenye kona. Wa pili ulikuwa na bazoka iliyotafunwa, imenasa nywele ndefu za njano, na nilipoivuta ikavutika. Wa tatu ulinukia manukato ya bei, na juu yake harufu kama ya kitambaa cha kufutia meza kilicholala na maji. Nikawa nafuta vidole kwenye khanga kila saa.

"Dada, unatafuta mkoba au unatafuta ushahidi?" akaniuliza muuzaji.

"Natafuta wa kuwekea kamera."

"Ungesema. Chukua huu, una vyumba kama nyumba ya kupanga."

Ulikuwa mkoba wa vitu vya mtoto, wa kuwekea nepi na chupa za maziwa. Rangi ya kijivu, una sponji kuta zote, ndani umegawanywa sehemu tano, na pembeni kuna mfuko wa chupa wenye kitambaa kinachozuia joto. Kamera ikakaa katikati bila kugusa ukuta. Lenzi ya hamsini ikaingia kwenye mfuko wa chupa kama ilipimwa. Nisimpunje yule mama, alijua biashara yake. Lakini nilipoingiza pua nikakutana na maziwa yaliyochacha. Maziwa ya siku nyingi, ya nchi nyingine, ya mtoto ambaye sasa pengine anakwenda shule. Nikaununua, nikaondoka nao nimeushika mbali na mwili.

Kwenye fremu ya duka la lenzi ni hatua chache tu, upande wa pili wa barabara. Muuzaji ni mwanaume wa makamo, mwenyewe ni fundi, na sifa yake ni nzuri. Nje ya mlango ana benchi, na siku ile walikaa wanaume watatu wanacheza drafti kwa vizibo vya soda.

"Karibu sista. Umebeba mtoto au?"

"Mtoto ni kamera. Natafuta lenzi pana."

Akanitolea tatu. Ya kwanza kumi na mbili, pana kuliko zote. Kabla sijaigusa akawasha tochi ya simu akaipitisha nyuma ya kioo, akaniambia nichungulie. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe, zimetambaa kutoka pembeni kwenda katikati, zina vitawi, kama mizizi ya kitu kilichosahaulika kwenye maji.

"Fangasi," akasema. "Joto letu hili na unyevu. Hii siwezi kukuuzia. Ukiiweka na ile nyingine kwenye begi moja zinaambukizana."

Nilirudisha uso nyuma. Kuona kitu kinachoota ndani ya kioo, mahali ambapo hakuna udongo, kulinitia kinyaa kuliko mende. Lakini naandika hapa, na ninataka isomeke vizuri: aliionyesha mwenyewe. Angeweza kuniuzia, nisingejua. Zaidi ya hilo, akaniambia hata ingekuwa safi nisiichukue, maana kumi na mbili inapanua watu wa pembeni, na mwanamke aliyemlipa mshonaji ampunguze kiuno hataki kupanuliwa na mpiga picha.

Ya pili ilikuwa ya kuvuta, inatoka pana inakwenda nyembamba. Mpira wa kuzungushia ulikuwa umeanza kuyeyuka. Niliushika ukaninata vidoleni, mweusi, una ute, na jasho la aliyekuwa nayo nadhani lilikuwa bado humo. Nikairudisha mezani nikiwa nimekunja mdomo.

Ya tatu ilikuwa kumi na sita, bapa, haizidi unene wa biskuti mbili. Kioo safi. Tochi ikapita bila kukuta kitu. Moyo wangu ukaitaka hapohapo, na nilipaswa kuogopa moyo wangu ulivyoitaka.

"Tujaribu," akasema. "Lenzi pana ugonjwa wake uko kwenye pembe. Katikati zote zinapiga vizuri. Leta kamera."

Nikatoa kamera kwenye mkoba. Nikafungua hamsini, nikabaki nayo mkono wa kulia, kifuniko chake mkono wa kushoto, na kamera nikampa. Akafunga kumi na sita, akapiga kalenda ya ukutani, akapiga rafu ya betri, akatoka akawapiga wale wa drafti. Picha nne. Akarudi mlangoni penye mwanga, akabonyeza kitufe cha kutazama, akakuza pembe ya kushoto, ya kulia, akanionyesha. Pembe zilikuwa safi. Akarudi nyuma kutazama ya tatu, ya pili, ya kwanza. Akabonyeza tena.

Singo.

Ile ya kwanza namsamehe. Kidole kilizoea kubonyeza. Mtu hawezi kujua kuna nini nyuma ya kalenda. Lakini akasimama, akasema "Eee," kwa sauti ya chini, halafu akabonyeza ya pili. Ya pili simsamehei.

"Kuna nini?" akauliza mmoja wa benchi, akainuka. Wenzake wakamfuata. Wakawa wanne kwenye kioo kidogo cha kamera, vichwa vimegusana.

"Hapo pembe sijui, katikati pako safi," akasema mmoja.

Wakacheka. Akabonyeza ya tatu, ya nne. Kwenye ya nne alikuwa shangazi, katikati ya chumba, kajifunga khanga kiunoni, mikono ameitandaza.

"Huyu mtu mzima," akasema yule aliyeinuka kwanza, "lakini kiuno chake hakijapata taarifa."

Likafuata neno lingine, la bibi harusi, ambalo silirudii hapa.

Mie nilikuwa wapi? Nilikuwa hatua moja kutoka kwao. Nina lenzi mkono huu na kifuniko mkono huu. Nilisema "jamani," naamini nilisema, ila sauti yangu mwenyewe siikumbuki. Nilitaka kuchukua kamera, lakini mikono ilikuwa imejaa, na meza ilikuwa na ile lenzi ya fangasi na ile inayonata. Nikawaza: nikiweka hamsini hapo itachafuka. Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama muda mrefu. Ndivyo nilivyowaza. Wakati wanaume wanne wanamtazama mtoto wa watu begani, mie nilikuwa natafuta mahali pasafi pa kuweka lenzi.

Ilikuwa picha ya sita nilipoitia hamsini kifuani, ndani ya blauzi, nikanyoosha mkono.

"Nipe."

Akanipa mara moja. Hakubisha. "Samahani dada, nilikuwa naangalia pembe. Basi nyie, kaeni huko," akawaambia wale. Wakarudi kwenye vizibo vyao. Mmoja akawa bado anacheka peke yake, mabega yanatikisika.

Halafu nikafanya la mwisho, ambalo mpaka leo nikipiga mswaki nalikumbuka nataka kutapika. Nikainunua ile lenzi. Nikatoa hela, akanifungia kwenye kitambaa, nikasema asante. Nikajiambia Jumamosi ninaihitaji. Hata hilo lilikuwa kweli.

Nyumbani nikawasha kamera, ikafungukia palepale alipoachia. Nikahesabu kutoka kwenye kalenda. Sita. Nne zina bibi harusi, mbili zina shangazi. Hakuna iliyomwonyesha mtu kupita mabega na miguu, lazima niseme hilo. Kwa watu wengine ni picha za kawaida kabisa, wanaweka wenyewe mtandaoni. Lakini hawa hawakuwa watu wengine, na ahadi haikupimwa kwa mabega.

Jumatano nilikaa nikijitetea upande huu na upande ule. Kimara na Temeke ni mbali. Wale wa benchi hawamjui mtu yeyote kule, wameshasahau. Nikisema, nawaumiza wanawake ambao hawaumwi. Nisiposema, nitasimama Jumamosi katikati yao, watavua mitandio wakijua macho ya pale ni yangu tu, na mie nikijua sivyo. Niliupima upande wa kunyamaza nikaona una hoja nzuri. Kilichonishinda ni mikono. Nilianza kuchapa ile albamu, nikaitoa picha ya kwanza kwenye mashine, ina joto bado, nikaona vidole vya mwanaume juu yake. Havikuwepo. Lakini niliviona vyeusi kwa ule mpira wa lenzi ulioyeyuka. Nikazima mashine, nikaona si haki kuchapa kabla wenyewe hawajajua. Ile moja nikaichana.

Alhamisi nilikwenda Temeke mikono mitupu, kamera tu. Mama wa bibi harusi alikuwa amekaa barazani ndani, anachambua mchele wa Jumamosi kwenye ungo, na kungwi pembeni yake anamenya vitunguu saumu.

"Shikamooni."

"Marahaba. Albamu iko wapi?"

Nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia yote. Begi, kadi, fremu, picha sita, wanaume wanne. Sikumtaja muuzaji kwa ubaya, nikasema na lile la fangasi. Kungwi akaacha kumenya. Mama hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Kwa nini umeniambia?" akauliza.

"Kwa sababu nilikuahidi mama."

"Uliniahidi hawataona. Hukuniahidi kuniambia."

Akamwita wifi yake, shangazi, aliyekuwa uani. Akaja anafuta mikono, ananitania tangu mlangoni. "Mama picha, leo umekuja na wangapi?" Akaona sura zetu akakaa.

"Mwambie mwenyewe," akasema mama.

Nikamwambia tena. Mara ya pili ilikuwa fupi na ilikuwa mbaya zaidi.

"Wanne," akasema shangazi.

"Wanne."

"Wazee au vijana?"

"Watu wazima. Wa umri wangu."

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Walisemaje?"

Nikamtazama mama, mama akatazama mchele. Nikasema. "Walisema huyu mtu mzima, lakini kiuno chake hakijapata taarifa."

Kungwi akatoa sauti puani. Sijui kama ilikuwa kicheko au nini. Shangazi akarudia maneno yale polepole, moja moja, kama anayeonja kitu anataka kujua kimetiwa nini. Kisha uso wake ukakunjamana, akageuka akatema mate kwenye ndoo ya maganda. Lile neno la bibi harusi hakuniuliza, nami nikanyamaza. Pengine nilipaswa kusema. Binti mwenyewe alikuwa chumba cha pili, nilimsikia anakohoa.

"Ungekaa kimya nisingejua," akasema shangazi. Hakupandisha sauti. "Umekuja umejisafisha, uchafu umeniachia mie. Nikipita huko kwenu mwanaume akinitazama, nitajiuliza ni yule? Nikiwa nacheza Jumamosi nitalisikia hilo neno."

"Nisamehe shangazi."

"Sijasema sikusamehe. Nasema ulichofanya."

Mama akaweka ungo chini. "Jumamosi tutatafuta mwingine," akaniambia. "Sikufukuzi kwa ubaya, mwanangu. Lakini hili litasikika, na wakilisikia hawatacheza. Harusi bila ya kucheza ni kikao."

Nikasema nimeelewa. Alikuwa na haki, na hata kama asingekuwa nayo nisingebisha. Akasema kadi ataichukua, atazifungia picha za mwanawe kabatini mpaka atakapojua la kuzifanya. Nikaomba ruhusa niwashe kamera, nifute zilizobaki.

"Anza na zangu," akasema shangazi.

Akasogea akakaa karibu yangu, begani kwangu kabisa, ananukia vitunguu. Zilikuwa kumi na moja zake. Nilikuwa nabonyeza, picha inakuja, anaitazama, anasema "futa," nafuta. Hakutaka nizifute kwa pamoja. Nyingine aliitazama haraka. Nyingine aliniambia nikuze, akajitazama uso, akatazama waliokuwa nyuma yake ni akina nani, akasema huyu naye alikuja, halafu "futa." Kungwi alirudi kwenye vitunguu vyake. Nilikuwa na kinyaa na kidole changu kila kilipogusa kile kitufe, lakini nikaona afadhali kiguse kwa amri yake.

Ya mwisho ilikuwa ile ya khanga kiunoni. Niliipata vizuri, hata mie niliyezoea kujidharau najua niliipata. Mikono imefunguka, kichwa kimelala nyuma, na wanawake nyuma yake wamefumba macho kwa kucheka, na kila mtu yuko ndani ya picha ingawa lenzi ilikuwa nyembamba.

Shangazi akaichukua kamera mikononi mwangu, akaileta karibu na macho. Alikaa nayo.

"Hapa nilipendeza," akasema.

"Ulipendeza sana, shangazi."

Akanirudishia.

"Futa."